Mkono wa Rukia Ulivyonyooshwa

Ninyi mnaoanza kazi sasa mnayakuta mabanzi ya kunyooshea mikono yamekatwa tayari, yamo kwenye mifuko, madogo kwa makubwa, unachagua kama mtu anayechagua viatu dukani. Sisi banzi tulilitoa Kariakoo. Lilikuwa bomba la plastiki, lile nene la kijivu la kupitishia maji machafu. Unalipasua kwa msumeno, unalipasha juu ya jiko la mkaa mpaka lilegee kama chapati, halafu unalikandamiza haraka juu ya mfano wa mkono wa mtoto uliotengenezwa kwa plasta. Ukilipasha sana linafuka moshi wa kukereketa koo na wauguzi wa wodini wanakuja juu. Ukilipasha kidogo linapasuka mkononi mwako. Likipoa, limeshika umbo la yule mtoto na si la mtoto mwingine yeyote.

Mikanda yake ya kunasa niliitoa kwenye mitumba. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ilikuwa imeanza kumwagika mitaani, na viatu vya watoto vya Ulaya vilikuwa na mikanda ile inayolia kraa ukiivuta. Nilikuwa nikiinama kwenye rundo, sitazami soli wala saizi, navuta mkanda tu na kusikiliza. Nikipata kiatu kimoja kisicho na mwenzake, nakichukua hicho hicho. Muuzaji mmoja alinitazama mpaka akashindwa kunyamaza.

"Mama, mwanao ana mguu mmoja?"

"Hana tatizo la mguu," nikamwambia. "Ana tatizo la mkono."

Nadhani mpaka leo anaamini nilikuwa na kichaa.

Naitwa Mwajuma, mzaliwa wa Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa mazoezi ya viungo, na sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia kwenye mikono ya watoto, katika hospitali nisiyohitaji kuitaja. Watoto waliniita Mama Nyoosha, kwa sababu hilo ndilo neno walilolisikia kutoka kwangu asubuhi mpaka mchana. Wengine walianza kulia wakiniona tu mlangoni.

Kabla sijaendelea, tuelewane maneno, maana nimeona watu wakifungwa plasta mahali pasipo penyewe kwa sababu ya neno. Nikisema kifundo, nina maana pale saa inapovaliwa. Nikisema kiwiko, ni pale unapoegemea meza. Watu wa sehemu nyingine hulitumia neno kiwiko kwa mahali pa saa. Kwa hiyo mama akikwambia mtoto anaumwa kiwiko, usiandike kitu. Mwambie apaguse.

Daktari wa upasuaji niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi tulimwita Dokta Jayant. Alizaliwa Upanga, akasomea nje, akarudi, na wenzake walipoanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta maisha yeye akabaki. Utotoni alicheza mpira na watoto wa Kariakoo, basi Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, na akina mama waliokuja wakimwogopa walijikuta wanacheka. Hakuwa mtu wa kuchekacheka mwenyewe. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka na kichwa kinamuuma.

Mikono iliyotujia ilikuwa ya namna nyingi. Wapo waliovunjika wakafungwa kwa kukazwa mno mpaka nyama zikafa, vidole vikajikunja, kifundo kikainama. Wapo walioanguka wakaumia ile sehemu laini karibu na ncha ya mfupa, ambayo ndiyo inayourefusha, basi mfupa mmoja ukasimama kukua na wa pili ukaendelea, mkono ukaenda upande. Na wapo waliozaliwa bila ule mfupa wa upande wa dole gumba. Kiganja kinakosa pa kuegemea, kinageukia ndani, dole gumba linakuwa dogo au halipo kabisa.

Hao wa mwisho ndio ninaotaka muwajue. Ukimpata akiwa mchanga, unaanza kumnyoosha taratibu, unamvika banzi, unamfundisha mama. Akipata nguvu, daktari anakiweka kiganja juu ya mfupa uliopo, anakishikiza kwa waya wa chuma mpaka kitulie. Baada ya hapo ni banzi tena, miaka mingi, kwa sababu kadiri mtoto anavyokua mkono nao unataka kurudi ulikotoka. Ni kazi ya uvumilivu. Lakini kuna jambo ambalo Dokta Jayant hakuliruka hata siku moja. Kabla hajaushika mkono wa mtoto, alimpa andazi. Alilinunua mwenyewe asubuhi kwa mama mmoja nje ya geti. Alimpa mtoto, akakaa, akatazama.

"Watu wanaanza kwa kutazama mkono umekaaje," alikuwa akituambia. "Mimi nataka kwanza nijue unafika wapi."

Rukia alikuja kwetu akiwa amekwisha kuvunja ungo. Alikuwa msichana mrefu, mwenye macho makali, amevaa mtandio mkubwa ulioshuka mpaka kiunoni ingawa joto la siku ile lilikuwa la kumtoa mtu roho. Baba yake, Bwana Athumani, alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo. Alianzia kwenye mitumba chini kabisa, akaenda Dubai, akarudi na redio kaseti na feni, na sasa alikuwa na duka lenye vioo. Mama yake alikuwa mwanamke mpole aliyezungumza akitazama sakafu.

"Shikamoo," Rukia aliniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone."

Akautoa mkono wa kulia chini ya mtandio. Kiganja kilikuwa kimegeuka ndani mpaka karibu kigusane na mkono wenyewe. Dole gumba halikuwepo. Nikajaribu kukunja kiwiko chake, kikakataa. Kilisogea kidogo tu, kikagota.

"Mbona hamkumleta akiwa mdogo?" nikauliza.

Mama yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Mama mkwe alisema nimfunike. Alisema watu watasema."

Dokta Jayant akampa andazi. Rukia akalishika kwa vile vidole vyake vinne, akalipeleka mdomoni na kulimaliza kwa ustadi, bila hata punje kuanguka. Alikuwa akiandika kwa mkono ule ule, mwandiko mzuri kuliko wangu. Alijifunga ushungi mwenyewe. Alikula na ndugu zake kwenye sinia moja kama mtu mwingine yeyote.

Daktari alikishika kile kiwiko, akajaribu kukikunja mwenyewe. Kisha akamgeukia Rukia mwenyewe, hakuzungumza na baba.

"Kiwiko chako hakikunji. Unajua mkono wako unafikaje mdomoni? Unafika kwa sababu umepinda hapa kwenye kifundo. Nikiunyoosha, utakuwa mzuri, lakini utaishia hapa." Akaonyesha kwa mkono wake, mbali na kidevu. "Nipe muda kwanza. Mwajuma ahangaike na kiwiko. Kikikubali kukunja, nitaunyoosha mimi mwenyewe."

"Na kisipokubali?" Rukia akauliza.

"Basi tutauacha ulivyo."

Rukia akafunika mkono wake. "Daktari, wewe unaniona nikila. Wenzangu wananiona nikipita."

Dokta Jayant akaandika kwenye cheti aje kwangu kila wiki.

Tukahangaika na kiwiko. Maji ya moto, kukunja, kusubiri, kukunja. Aliuma meno, hakulia. Tulipata kidogo sana, na kilichopatikana wiki hii kilipotea wiki inayofuata. Kiwiko kilichokaa hivyo tangu kuzaliwa si mlango uliokwama ambao ukiupiga bega utafunguka.

Ndipo Dokta Jayant aliponiagiza nitengeneze banzi la majaribio. Hili lishikeni, ni jambo zuri na mtalihitaji. Mgonjwa akitaka kifundo chake kinyooshwe na kugandishwa kisikunje tena, mvike kwanza banzi linalokiweka vile kitakavyokuwa, aishi nalo. Ale nalo, aoge nalo, aandike nalo. Maneno yako yote hayamfundishi kama banzi litakavyomfundisha. Kifundo cha Rukia kilikuwa kigumu kunyooka, kwa hiyo nilikivuta kidogo kidogo, nikibadilisha banzi baada ya banzi, mpaka kikakaa karibu kabisa na kunyooka. Nikamwambia asilivue hata wakati wa kula. Nilikuwa na hakika atarudi ananiambia, Mama Nyoosha, nimeelewa, tuache.

Kumbe ndani ya siku zile kulikuwa na harusi ya binamu yake. Enzi hizo ndiyo kwanza watu walikuwa wameanza kukodi wapiga video, na Bwana Athumani alimkodi mmoja mwenye taa kali. Rukia akashonewa gauni la mikono mirefu, banzi likajificha ndani, vidole tu vikachungulia. Aliporudi kwetu nilidhani ni msichana mwingine. Hakuwa na ule mtandio mkubwa.

"Vipi chakula?" nikamuuliza.

"Sikula harusini." Akasema kama vile si kitu. "Mama alinilisha nyumbani. Lakini nilijiona kwenye mkanda wa video. Nilipita katikati ya watu na hakuna aliyegeuka. Nimeurudisha ule mkanda tena na tena. Nilikuwa msichana tu, kama wale wengine."

Banzi lile lilitakiwa kumwonyesha atakachokipoteza. Yeye aliona atakachokipata. Watu wameniuliza kama najuta kulitengeneza. Sijuti. Alikuwa na haki ya kujua, na alijua vyote viwili, akachagua. Ila nilirudi nyumbani siku ile nimelemewa kama niliyetoka kuagana na mgonjwa asiyepona.

Dokta Jayant alikataa tena. Bwana Athumani alisimama, akaweka funguo zake za gari mfukoni.

"Daktari, nakuheshimu. Lakini mimi ni mtu wa biashara. Duka moja likisema hakuna, naingia la pili. Sasa hivi mji huu kila kitu kinapatikana."

"Mkono wa mtoto si feni, Bwana Athumani."

"Najua. Feni ikiharibika nanunua nyingine. Huyu ninaye mmoja, na kila akipita dukani kwangu wateja wanamtazama mkono, hawamtazami yeye. Unadhani mimi sioni?"

Alisema hayo macho yamemjaa maji. Msimfanye mtu mbaya, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba aliyeishi miaka mingi ambayo hakuna kilichopatikana, kisha milango ikafunguliwa, akaona mtu anaweza kutafuta mpaka apate anachokitaka. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba jibu la ndiyo nalo ni bidhaa, na kwamba ukizunguka sana utalipata.

Akalipata. Hospitali za binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini, na katika mojawapo kulikuwa na daktari bingwa mgeni aliyekuja kwa muda mfupi. Mama Rukia alinisimulia baadaye kwamba yule mgeni aliuliza mtoto anakulaje, na baba akawahi kujibu: "Anatumia kijiko," ingawa kwao walikula kwa mkono. Upasuaji ukafanyika. Mfupa ukakatwa, kiganja kikawekwa sawa, kifundo kikagandishwa. Mgeni akapanda ndege akaenda zake.

Niliiona kazi ile walipotuletea baada ya plasta kutolewa, kwa kuwa kule hawakuwa na mtu wa mazoezi. Nasema kweli, ilikuwa kazi safi. Kovu lilikuwa jembamba, mkono umenyooka. Dokta Jayant aliitazama picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha na kusema, "Huyu bwana anajua kukata." Hakusema zaidi.

Rukia alikuwa amefurahi. Alikaa kwenye kiti changu na mkono wake mezani, anauangalia. Kulikuwa na chai, tulikuwa tumepika ya kwetu, nikammiminia. Akakishika kikombe kwa mkono wake mpya, akakiinua. Kikasimama mbele ya kifua chake. Akainamisha shingo, bado. Akaliinua bega, chai ikamwagika kwenye sketi. Akacheka kwanza, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Akajaribu tena. Safari ya pili hakucheka. Akakirudisha kikombe mezani taratibu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye nimekivuta.

"Kitazoea?" akauliza.

Mtakutana na swali hilo. Msikimbilie kulijibu, na msilijibu uongo. Nilimwambia vidole vitapata nguvu, mwandiko utarudi, lakini mdomoni hautafika.

Miezi iliyofuata tulifanya tulichoweza. Mwandiko ulirudi, taratibu na wenye kutetemeka. Nilimtengenezea kijiko chenye mpini mrefu uliopinda, nao nikauchonga kutoka kwenye bomba lile lile. Kwa uji kilifaa. Lakini nyumba ya akina Rukia ilikula kwenye sinia, watu wamezunguka, mkono wa kulia. Alikitoa kijiko kile mara moja mbele ya wajomba zake, mtoto mmoja akauliza kwa sauti ni kijiko cha nini, hakukitoa tena. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, ungeweza kufanya kila kitu, ila bibi yake alisema mkono wa kushoto hautaingia kwenye sinia lake maadamu yu hai. Kwa hiyo mama yake akawa anamlisha chumbani, msichana aliyekwisha kuanza kuletewa posa.

Mama Rukia alikuja peke yake siku moja, akakaa mbele ya Dokta Jayant.

"Daktari, uurudishe. Uupinde kama ulivyokuwa. Baba yake amekubali, anaona haya kuja mwenyewe."

Daktari alimweleza kwamba inawezekana kuukata mfupa tena na kuuinamisha kiasi, hautakuwa kama wa kwanza, lakini pengine utafika mdomoni. Akasema amlete Rukia aseme mwenyewe. Rukia akaja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sitaki."

"Mwanangu," mama akasema, "utakulaje mimi nikiondoka?"

"Sitaki kupindwa tena, mama. Nitakula ninavyokula."

Dokta Jayant akatikisa kichwa kukubali. Walipotoka alibaki dirishani, amenipa mgongo. "Tungempata mchanga," akasema. "Tungempata yule mtoto mchanga, Mwajuma, hata kiwiko tungekifanyia kitu." Hayo ndiyo ninayowaomba muyasikie kuliko mengine yote. Visu na waya vyote vilikuja vimechelewa. Mkono ule uliharibikiwa siku ulipofunikwa kwa khanga ili watu wasiseme. Mkienda kwenye kliniki za wazazi, fungueni nguo za watoto, tazameni mikono. Mama akisita, msimkemee. Kuna mtu nyumbani amemwambia afiche.

Rukia hakuniacha. Alikuwa akinipitia akitoka chuoni, ananisalimu, ananionyesha vidole. Alikuwa mzuri, na ni kweli kwamba hakuna aliyegeuka kumtazama mkono. Alikipata alichokitaka. Nilizoea kumwona akiwa amekonda, nikadhani ndivyo wasichana wanavyopenda.

Kisha mama yake akaugua. Haukuwa ugonjwa mrefu. Nilipopata habari nilivaa buibui langu nikaenda msibani, nyumbani kwao, ghorofa juu ya duka. Wanawake walijaa, mkeka hadi ngazini. Mchana wali ukaletwa, masinia yakapangwa, tukajikusanya. Rukia alikuwa kwenye mduara wangu. Wakamwita ale.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, tangu jana hujatia kitu tumboni?" Shangazi yake akageuka kwa wengine. "Ni majonzi. Mwacheni."

Nilimtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia juu ya paja, umenyooka, mzuri. Macho yake yalikuwa kwenye wali.

Nikapakua kwenye sahani, nikainuka, nikamgusa bega. Akanifuata mpaka chumba cha ndani, kile cha mama yake. Kitanda kilikuwa kimekwisha kuondolewa godoro. Nikaweka sahani juu ya sanduku. Hakuigusa.

"Nikulishe?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. "Nilishaacha kulishwa. Nakula kwa kushoto." Akatazama mlango. "Mama alikuwa anakaa pale ninapokula, mtu asiingie."

Mlango ule haukuwa na komeo, ulikuwa na pazia tu. Nikaenda nikakaa chini, kizingitini, nikampa mgongo. Nikamsikia akianza. Alikula haraka, kama mtu mwenye njaa ya siku nyingi, na katikati ya tonge na tonge alikuwa akilia, bila kuacha kula.

Shangazi akaja ukumbini na kikombe cha maji.

"Yuko ndani? Anafanya nini?"

"Amelala," nikasema. "Mwacheni kidogo."

Akanipa yale maji, akarudi kwa wenzake. Nikabaki nimekaa pale mpaka sahani ikaacha kulia juu ya sanduku.